Ukurasa wa Mwisho wa Hilali

Kufika saa tatu asubuhi, Mrefushaji alikuwa ameshaongeza kurasa elfu kumi na moja katika vitabu vya watu waliokufa. Hakuchoka wala hakuomba chai. Mtambo huu ulikuwa na kazi moja: msomaji akikaribia mwisho wa kitabu, mwisho unasogezwa mbele, na kurasa mpya zinashonwa katikati kwa mtindo uleule wa mwandishi.

Zamani watu walinunua kitabu cha kielektroniki mara moja, kikawa chao. Baadaye wakawa wanakikodi kwa mwezi. Kampuni ya Kurasa Hai, pale Morogoro, ikaja na utaratibu wake: unalipia ukurasa ambao jicho lako limeupitia, basi. Kipimajicho, lenzi ndogo iliyobandikwa kwenye miwani, ndicho kilichohesabu. Watu walishangilia. Nani asingependa kulipia alichokula tu? Hakuna aliyeuliza kampuni itafanya nini na kitabu kinachoisha.

Mhandisi Skolastika Mbena ndiye aliyemuunda Mrefushaji, na alijivunia kazi yake mpaka siku Bi. Siwema alipoingia ofisini, miwani mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mjane wa Hilali, mwandishi. Mwaka wa pili huu nasoma kitabu chake cha mwisho. Nimefika ukurasa wa elfu mbili na mia nne, na mume wangu hakuwa mtu wa maneno mengi hivyo."

Akaeleza. Mtoto wao, Sudi, alikufa kwa homa miaka thelathini iliyopita. Hilali alikuwa safarini, na yeye, mama mtu, alichelewa kumpeleka mtoto hospitali akidhani homa itapoa. Hilali hakumlaumu, lakini pia hakusema lolote. Alikuwa mtu wa kuandika yaliyomshinda kusema. Alipougua, mkewe akamuuliza kama amemsamehe. Akajibu, "Jibu nimeliandika ukurasa wa mwisho. Utalisoma kitabu kikitoka."

"Ukurasa huo mmoja tu, mwanangu. Nipe, nikapumzike."

Skolastika akafungua ghala la miswada. Kitabu halisi kilikuwa na kurasa mia mbili na kumi na mbili, na huo wa mwisho haukuwapo. Amri aliiandika mwenyewe: ukurasa usiosomwa na mtu mwaka mzima ufutwe, ghala lipumue. Na nani angeusoma, wakati mwisho ulikuwa unakimbizwa kila siku? Nakala nyingine haikuwapo, maana mkataba ulimtaka mwandishi akabidhi zote. Aliona aibu hadi masikio yakamuwaka.

Alitaka kusema kweli. Lakini Bi. Siwema alikuwa ameshavaa miwani, ametulia kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo. Skolastika akamwandikia Mrefushaji habari ya Sudi, kisha amri: andika ukurasa wa mwisho, mke asamehewe.

Ilichukua sekunde mbili.

"Siwema, sikukulaumu hata siku moja. Nilinyamaza kwa sababu nami sikuwepo. Nimekusamehe, nawe nisamehe."

Bi. Siwema akalia kwa kwikwi. "Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa." Akamshika Skolastika mikono yote miwili, akamwombea dua, akaenda zake. Skolastika akajipoza moyo kwamba uongo ule haukumdhuru mtu.

Siku ya tisa simu ikaita.

"Mwanangu, ule ukurasa naurudia kila baada ya swala. Leo nimeukuta umeongezeka."

Skolastika akaikimbilia skrini. Kipimajicho kilikuwa kimeripoti kwamba jicho la msomaji huyu limeupitia ukurasa ule mara arobaini, na kila mara limekawia. Kwa haraka ya siku ile Skolastika hakukumbuka kuufunga usirefushwe. Mrefushaji naye alikuwa amefanya alivyofundishwa: jicho linapokawia, hapo ndipo pa kurefusha.

"Umeongezeka nini, mama?"

Kisha yule mama akasoma, neno baada ya neno:

"'Nimekusamehe, nawe nisamehe. Lakini siku ile, Siwema...' Hapo umekatika. Chini wameandika nifungue ukurasa unaofuata." Akauliza, "Mwanangu, nifungue?"