Barua Yangu kwa Mama Ilisomwa Jukwaani

Nina miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Tanga. Nahudumia wazee katika makao ya kuwatunza huku Farsta, Stockholm. Wasomaji wenzangu, nilimpenda mwanamke mwenzangu. Anayetaka kunihukumu anihukumu, lakini anisikilize kwanza!

Tumwite Furaha, mtoto wa Uvira. Tuliishi pamoja miaka sita. Kwa mama yake, anayeishi Jakobsberg hukuhuku Stockholm, alinitambulisha kama mpangaji mwenzake. Nikavumilia...

Furaha alikuwa akiandika michezo ya kuigiza. Mwaka jana aliandika mmoja kwa Kiswahili kuhusu wanawake wanaopendana. Nikaenda kuutazama kwa fahari. Mara mwigizaji akafungua barua, akaanza kuisoma... Ilikuwa barua yangu! Nilikuwa nimemwandikia mama yangu kumweleza mimi ni nani, nikakosa ujasiri wa kuituma. Furaha aliichukua kabatini mwangu. Hata jina la mama hakulibadilisha!

Kuna mtu alirekodi. Haikupita wiki, Tanga wakajua. Mama alinipigia mara moja tu.

“Nilizaa watoto watatu,” alisema. “Sasa ninao wawili.” Akakata simu.

Furaha alinijibu eti sanaa inataka ukweli. Ukweli wa nani?

Nikangoja siku yangu. Siku ya onyesho la mwisho, yule mwigizaji anayesoma barua akaugua. Furaha akaniomba, analia, nishike nafasi ya mgonjwa kwa kuwa maneno nayajua. Nikakubali upesi!

Mama yake alikaa mbele kabisa na wenzake wa kwaya, akiamini binti yake anaandika tu mambo ya watu. Nilipomaliza kuisoma barua, nikamgeukia.

“Shikamoo, Mama Furaha. Barua hii ni yangu. Na mwanamke anayetajwa humu ni binti yako.”

Mama yake akasimama. “Furaha, ni kweli ile anasema?”

Furaha akafunika uso. Mama yake akatoka nje kwenye theluji, koti ameliacha kitini.

Mpaka leo Furaha hakanyagi kwao. Nilifurahi, siwafichi! Nilifurahi siku tatu nzima. Ya nne nikamkumbuka yule mama... Alikuwa akinipikia sombe, kisamvu cha kwao, kila Jumapili, akiniita binti yake. Yeye alinikosea nini?

Ndugu zangu, siri ya mtu usiitoe, hata kama yeye ametoa yako. Kisasi hakichagui wa kumpiga. Yule mama namwomba msamaha kila siku.

Furaha je? Huyo... hapana. Bado!