Moyo Nambari Moja

"Moyo umetoka. Ukivuka daraja, mtoto tumempoteza."

Sauti ya Mkuu ikakatika redioni. Nerima, mpelelezi wake, akaingiza gia ya nne.

Pikipiki yake, Bajaj Boxer, ilinguruma katika barabara ya Tororo kwenda Malaba. Saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Upasuaji ulipangwa saa nne na nusu.

Moyo uliokuwa ukisakwa haukuwa wa nyama. Ulikuwa kielelezo cha kompyuta, kilichojengwa kwa miezi saba kutokana na picha za kifua cha Adongo, mtoto wa miaka sita aliyezaliwa na tundu moyoni. Ndani yake damu ilitiririka vilevile itiririkavyo kifuani mwa mtoto. Hicho ndicho kingemwonyesha Daktari Justine akate wapi, na kiraka kiwe na upana gani. Bila hicho asingethubutu kumpasua. Na Adongo, ambaye midomo yake ilikwisha kugeuka buluu, asingeimaliza wiki.

Alfajiri hiyo Marvin, fundi wa mitandao aliyeajiriwa majuzi kutoka Kampala, alifuta kompyuta zote za kliniki ya Daktari Justine na kutoweka na diski ya akiba. Waliomtuma walikuwa wageni wenye mitambo ya kuuza. Mtoto akifa, mradi wa vielelezo ungefungwa, na serikali ingenunua kwao.

Foleni ya malori ilianza kilomita tatu kabla ya mpaka. Nerima akapenya katikati ya trela mbili.

"Madam, unataka kufa leo?" Dereva alichungulia dirishani. Mlango wake uliandikwa KEVO.

"Umemwona mwenye Subaru nyeupe?"

"Ameiacha hapo mbele. Anachapa mguu kwa daraja, amekumbatia begi kama mtoto mchanga. Akikushinda niite. Huyo jamaa amenitusi."

Nerima akashika redio, akamwita afisa mwenzake wa Kenya. "Ojiambo?"

"Niko upande wangu wa Kenya. Prado nyeusi inamsubiri. Wageni wawili ndani."

"Izuie."

"Imeshazuiwa. Makuli wamemwaga mkokoteni wa vitunguu mbele yake. Wanaokota pole pole sana."

Nerima aliiacha pikipiki, akachomoa bastola, akakimbia.

Marvin alikuwa katikati ya daraja. Alisikia vishindo vya buti, akageuka. Mkono wake ukatoka nje ya ukingo, diski ikaning'inia juu ya maji ya kahawia.

"Hatua moja zaidi naiachia! Bastola chini!"

Glock ikalazwa juu ya lami. Taratibu.

Diski ilikuwa na karatasi iliyogundishwa. Juu yake, kwa wino mweusi, tarakimu moja.

Moja.

Nerima aliitazama. Kwenye jalada la Mkuu alisoma kwamba Adongo alikuwa pacha. Yeye mwenyewe, Msamia wa Busia, alilelewa nyumba moja na pacha, na alijua Adongo ni jina la pacha wa pili.

Kifaa kilikuwa sikioni mwake, laini ya kliniki wazi. Alinyanyua mikono na kusema kwa sauti ya chini, "Nipeni mama wa mtoto."

"Unaongea na nani?" Marvin alifoka.

"Mama Pacha, watoto wote wawili walipigwa picha?"

"Wote! Pacha unapima mmoja, mwingine unaacha? Daktari alikubali. Alisema ya Opio atalinganisha nayo."

"Nani aliingia kwenye mashine kwanza?"

"Opio. Yeye ndiye mkubwa. Mimi nitaanzaje na mdogo?"

"Nahesabu mpaka kumi!" Marvin alipiga kelele. "Moja! Mbili!"

"Daktari Justine. Kuna diski nambari mbili?"

"Ipo kwenye droo. Lakini hiyo ni ya kaka yake. Mgonjwa si ndiye nambari moja?"

"Ifungue."

"Tano! Sita!"

Lori likapiga honi. Nerima hakupepesa macho.

"Tisa!"

"Nerima..." Daktari alirudi kwenye laini. "Naliona tundu."

Nerima akashusha mikono.

"Iachie."

Marvin akakodoa macho. "Nini?"

"Iachie, Marvin. Umeiba moyo wa Opio. Hauna hata mkwaruzo."

"Uongo! Mgonjwa ndiye wa kwanza!"

"Kwenu, labda. Huku pacha mkubwa hutangulia."

Marvin alimrushia diski usoni. Nerima akainama, diski ikapita juu ya kichwa chake na kuzama mtoni. Marvin alipojaribu kukimbia, kiwiko kilimpata chini ya taya. Alipozinduka, pingu zilikuwa mikononi na shavu lake lilikuwa juu ya lami.

"Ojiambo. Wageni wako?"

"Wametoka kwenye Prado wenyewe. Mmoja ameteleza kwenye vitunguu. Wako garini mwangu."

Saa kumi alasiri simu ya Nerima iliita.

"Mwanangu, Adongo amefungua macho," alisema Mama Pacha. "Midomo yake imerudia rangi. Ameomba soda."

"Na Opio?"

"Analia huyo! Anataka bandeji kifuani kama ya dada yake."

"Basi mfungeni."

Alikata simu, akavaa helmeti na kuwasha Bajaj. Foleni ya Malaba haikuwa imesogea hata lori moja. Akapenya katikati yake, akaenda zake.