Si Uzee, ni Gurudumu

Jumapili katika kijiji cha Hoogkouter haikuwa siku ya kulala. Kengele za kanisa zikianza tu kulia, Bi Godelieve Vercoutter alikuwa keshavaa kofia yake ngumu, yuko barabarani na wenzake wa klabu ya wastaafu. Walipanda vilima, wakapita barabara za mawe, wakapigwa na mvua huku wakibishana. Adhuhuri walirudi wamejaa matope mpaka masikioni.

Mwanawe, Koen, aliishi nyumba ya pili. Kila Jumapili alimngojea uani ameshika mpira wa mashine ya maji ya kasi.

"Shuka, Mama. Nenda kanywe kahawa, hii niachie mimi."

"Osha yako kwanza."

"Nitaziosha zote mbili. Baiskeli chafu ni aibu ya ukoo."

Maji yalipiga fremu, yakapiga mnyororo, yakapiga katikati ya gurudumu mpaka chuma kikang'aa. Kijiji kizima kiliosha hivyo. Bi Godelieve alijivunia mwanawe. Wangapi wana mtoto wa kuwaoshea baiskeli?

Jumapili moja ya baridi, wakishuka kilima cha Vossenberg, usukani ulianza kutetemeka. Alipogusa breki, gurudumu la mbele liliyumba, na yeye akajikuta mtaroni. Hakuvunjika, ila alichubuka kiwiko. Matusi aliyoyatoa pale, bahati padri hakuwa karibu.

"Basi, Mama," Koen alisema akimfunga bandeji. "Umri umefika."

"Usukani ulitetemeka, Koen."

"Iliyotetemeka ni mikono yako."

Maneno hayo yalimuuma kuliko kiwiko. Jioni ile Koen aliitundika baiskeli ya mama yake juu darini katika gereji yake, kando ya ile yake mwenyewe. Kesho yake akapiga simu kwenye duka moja la mjini. Jumatatu ijayo watakuja kuichukua, na badala yake watamletea mama baiskeli ya magurudumu matatu.

"Yenye kikapu!" Bi Godelieve alimlalamikia jirani yake Annelore, wakiongea juu ya ua wa miti. "Kikapu, Annelore! Niwe nazunguka na vitunguu kama mkokoteni wa sokoni!"

Annelore alikuwa fundi wa timu ya wasichana ya mbio za baiskeli. Hakucheka.

"Ilianza kutetemeka kabla hujashika breki, au baada?"

"Kabla."

"Basi nataka kuiona. Tumngoje Koen atoke kazini?"

"Tumngoje afanye nini? Lete ngazi. Ufunguo ninao, mimi ndiye niliyemzaa."

Annelore alitaka kupanda yeye. Bi Godelieve alimsogeza kando, akapanda na bandeji yake, akaiteremsha baiskeli kwa mikono ile ile iliyosemwa inatetemeka.

"Sasa shika rimu, hapa kando ya tairi," Annelore alisema. "Isukume kulia, ivute kushoto."

Koko, koko, koko. Gurudumu lilicheza.

"Umesikia? Gurudumu zima halichezi hivyo. Ugonjwa uko hapa katikati, kwenye habu. Lifungue."

Bi Godelieve alilegeza breki, akafungua mkono wa kufungia gurudumu, akalichomoa. Annelore alimwambia azungushe ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya habu, kwa vidole.

"Inakwaruza," alisema. "Kama kuna mchanga ndani."

"Basi tuone kilichomo."

Annelore alileta spana mbili nyembamba. "Moja ishike koni, hiki kipande kinachobana gololi. Nyingine ilegeze nati ya nje. Taratibu. Tandika kitambaa kwanza, gololi zisikimbie. Za kulia weka kwenye sahani yake, za kushoto kwenye yake."

Bi Godelieve alichungulia ndani ya habu. Alitegemea kuona grisi. Aliona uji wa kahawia, maji na kutu.

"Hii ni nini?"

"Hiki ndicho kilichokuangusha, Bi Godelieve. Grisi hukaa humu ili vyuma visisagane. Ikitoka, gololi hula koni. Tazama vijishimo hivi. Koni zikilika, gurudumu halina pa kushikilia, na kwenye mteremko linayumba."

"Na maji yameingiaje? Mimi nimepita mitaa, sikupita mto."

"Mvua haina nguvu hiyo. Mnaosha na nini?"

Bi Godelieve aliutazama mpira wa mashine ya maji uliotundikwa ukutani. Kisha alicheka kwa hasira. "Aha! Kumbe mtetemeshaji namjua!"

Wakaanza kazi. Alifuta kila kitu kwa kitambaa na mafuta ya taa mpaka kitambaa cha mwisho kikatoka safi. Bakuli mbili zilizomo ndani ya habu, ambamo gololi hukaa, hazikuwa na mashimo. "Hapo una bahati," Annelore alisema. "Zingelika hizo, tungebadilisha habu nzima." Koni na gololi za zamani ziliwekwa kando. Annelore alitoa mpya za ukubwa ule ule. Bi Godelieve alipaka grisi nyingi, akazipanga gololi moja moja zikakaa ndani ya grisi, akarudisha ekseli, akafunga koni. Aliikaza kwa nguvu zote.

"Izungushe."

Ekseli ilikuwa nzito.

"Umeinyonga. Habu iliyonyongwa inajila yenyewe. Legeza."

Alilegeza. Sasa ilicheza mno. Alikaza, akalegeza, akalaani, akaanza upya.

"Acha iwe na mchezo mdogo sana," Annelore alisema. "Ule mkono ukifungwa unabana ekseli, na mchezo unaisha. Ukiona gurudumu bado linacheza, kaza koni kidogo. Ukiona ni zito, legeza kidogo. Kila mara ishike koni kwa spana huku ukikaza nati ya nje."

Walisimamisha baiskeli chini. Bi Godelieve aliingiza gurudumu mpaka ekseli ikakaa vizuri pande zote mbili. Hakuzungusha ule mkono wa kufungia kama nati. Aliukunja, ukamwachia alama kiganjani. Alirudisha breki. Akashika rimu, akaisukuma. Kimya. Akaizungusha, ikaenda, ikaenda, bila sauti.

Hapo ndipo Koen alipoingia.

"Nani ameshusha hiyo baiskeli?"

"Mimi."

"Kwa ngazi? Mama! Ungevunjika kiuno!"

"Kiuno ni changu."

"Una miaka sitini na tisa!"

"Naijua. Nimeiishi yote mwenyewe."

Annelore alimwonyesha koni zilizolika na kile kitambaa kichafu. Alimweleza habari ya maji ya kasi. Koen alisimama na mkoba wake wa kazi begani, uso umemwiva.

"Nilikuwa naosha kwa mapenzi," alisema.

"Na mapenzi hayo yakanitia mtaroni," mama yake alijibu. "Kisha ukanishuhudia uongo. Ukasema ni mikono. Haya, teremsha na yako."

"Yangu haina kitu. Mimi nina miaka arobaini na miwili."

"Iteremshe."

Aliiteremsha. Bi Godelieve alishika rimu ya mbele, akaisukuma. Koko, koko, koko.

"Maskini, uzee umemfika mapema!" alisema. "Kijana wangu, ya magurudumu matatu unataka ya rangi gani?"

Annelore aligeuka kutazama ukuta, mabega yakitikisika kwa kicheko. Bi Godelieve hakungoja jibu. Alichukua simu, akapiga lile duka la mjini, akawaambia Jumatatu wasijisumbue.

"Mama, nakuomba," Koen alisema kwa sauti ya chini. "Siyo baiskeli tu. Nilipopigiwa simu kwamba uko mtaroni, nilidhani umekufa."

"Najua, mwanangu. Hofu yako naiheshimu. Lakini haitaendesha maisha yangu."

Tangu siku hiyo waliosha kwa ndoo na sifongo, na hakuna aliyeelekeza maji ya kasi kwenye habu. Kabla ya kila safari Bi Godelieve alitikisa gurudumu. Alijiwekea ahadi ya kuifungua habu kila mwaka, na mapema zaidi mvua zikizidi. Koen alijifunza kazi hiyo kwa kuifungua habu yake, mama yake akimsimamia na kumkemea.

Jumapili iliyofuata klabu ilipita tena Vossenberg. Koen hakuweza kukaa nyumbani. Alikwenda na gari mpaka chini ya kilima, akafungua buti, akatandika blanketi, akasimama kando ya barabara.

Juu kileleni Bi Godelieve aliliona lile gari jekundu na buti lake wazi. Alielewa kwamba alikuwa anangojewa aanguke. Woga alikuwa nao, maana mtaro ule ule ulikuwa kulia kwake. Akaushika usukani, akaachia breki.

Mawe yalipiga. Baiskeli ilienda moja kwa moja. Akagusa breki pale pale alipoanguka, gurudumu likatii. Wenzake wakaachwa nyuma wakimwita apunguze. Hakupunguza.

"Mama! Simama upumzike!" Koen alipiga kelele, mikono hewani.

"Pumzika wewe!" alijibu, akampita yeye na gari lake na blanketi lake, akaingia kona kuelekea kilima kinachofuata.