Swali Lisilo na Hapana

Kosa lilianzia kwenye kidole gumba. Fundi cherehani alizoea kurekodi vipimo vya wateja kwenye simu, kwa sauti, maana mikono yake haikosi kitambaa. Kila alipoiwasha, simu ilimuuliza kwanza: mfumo mpya uko tayari, usakinishwe Sasa au Baadaye? Akabonyeza Baadaye bila kutazama. Miezi saba.

Jumatatu moja asubuhi alifungua rekodi ya mteja, na baada ya sauti yake mwenyewe ikafuata nyingine, kavu kama mkasi unaokata turubai.

"Kifua inchi ishirini na nne. Kiuno ishirini na mbili. Urefu arobaini na nane."

Vilikuwa vipimo vya kitindamimba wake.

"Mama, nani amempima mdogo wangu?" aliuliza binti mkubwa, ambaye nyumba nzima ilimwita Wakili kwa ubishi wake.

"Sijui, mwanangu. Punguza sauti."

Kesho yake ile sauti ikasema arobaini na saba, na sare ya mtoto ikashuka chini ya magoti. Keshokutwa yake, arobaini na tano. Chumba kilinuka nyuzi zinazoungua, na pasi ilikuwa baridi.

Mganga alikuja mchana kweupe. Simu hakuigusa.

"Jini haingii bila ruhusa," alinong'ona. "Mama, umebonyeza mara ngapi?"

"Baadaye si ruhusa!" Wakili alifoka kwa kunong'ona.

"Ni ndiyo iliyowekewa tarehe, binti yangu."

"Sasa Hapana iko wapi? Hebu nionyeshe! Muulizaji gani anakuja na majibu mawili, yote yake? Huo si uchaguzi, ni wizi wenye adabu!"

Mganga alitazama viatu vyake. "Hoja nzuri sana. Ila swali sikuliandika mimi. Mkibonyeza Baadaye, mtoto anapungua. Mkibonyeza Sasa, jini anaingia."

"Anaingia wapi?"

Mganga alikuwa ameshafika mlangoni.

Wakaamua kutojibu kabisa. Waliizima simu, ikajiwasha. Wakaiviringisha kwenye mabaki ya vitambaa, wakaifungia ndani ya sanduku la nyuzi, wakapanda kitandani wote watatu, mtoto katikati, amelala, anachemka kwa homa, na cherehani kikaanza kujizungusha polepole bila mguu wa mtu, sindano ikipanda na kushuka juu ya hewa tupu, huku ndani ya sanduku ile sauti kavu ikihesabu kumi, tisa, nane, kwa sababu chini kabisa ya lile swali, kwa herufi ndogo kuliko tundu la sindano, palikuwa pameandikwa siku zote: usipojibu, tutaanza wenyewe.

Kisha kimya. Harufu ikakatika. Wakili alifungua sanduku, akakuta simu safi, haina swali, haina sauti.

Mtoto akajinyoosha. Mama alichukua futi kamba, akampima: arobaini na nane. Akaangua kilio cha furaha, akamkumbatia.

"Mwanangu, niite. Niite mama."

Mtoto alifumbua macho, akawatazama wote wawili kwa heshima, kama mgeni aliyefunguliwa mlango.

"Karibu," alisema. "Chagua lugha."

Wakili aliukagua uso wa mdogo wake, akiitafuta Hapana. Mtoto akasubiri, bila kupepesa.