Kijana Aliyezikwa kwa Ajili ya Filamu

Mama Gaudensia alikuwa jikoni akichambua maharage, na alikuwa akiongea na mtu. Patriki alimsikia kutoka uani. Alidhani anaongea na Judica, dada yake, mpaka alipomwona Judica akipanda kutoka kisimani na ndoo ya maji kichwani.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na wewe," mama alisema. Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na watu aliwatambua kwa sauti tu. "Si umekaa hapa?"

Kwenye kigoda kando ya moto hapakuwa na mtu. Palikuwa na kikombe cha chai kilichonywewa nusu, na harufu ya poda.

Patriki aliijua ile poda. Ujana wake wote alipakwa hiyo usoni.

Watu wazima wa Hanang bado wanamkumbuka. Watu wa filamu walikuja mjini Katesh kutafuta sura, wakamtoa shuleni, wakampa jina la Dani. Kwa miaka michache picha yake ilibandikwa saluni na kwenye mabasi, na wasichana wa sekondari waliandika jina hilo kwenye madaftari yao. Sauti yake ilikuwa nyembamba, safi. Aliweza kulia kwa kuambiwa tu. Kisha sauti ikavunjika, taya likapanuka, na waliompenda Dani hawakumtaka mtu mzima aliyebaki. Dar es Salaam akaigiza walinzi na madereva, halafu hakuitwa tena. Akarudi kijijini kwao Gendabi na begi moja na koo lililokwaruzwa na sigara. Pale mashineni, vijana waliosubiri kusaga mahindi walimwambia, "Dani, hebu lia kidogo tuone." Alicheka nao. Hakujali sana. Alijua kwamba nyumbani yupo mtu mmoja aliyempenda kabla Dani hajakuwepo.

Mtu huyo ndiye aliyeanza kuchukuliwa.

Asubuhi moja alimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia vizuri, kisha akamuuliza kwa adabu ametoka kijiji gani. Alipomwambia kuwa yeye ni Patriki, mama alitabasamu kama anayemsamehe mgeni utani mbaya. Alisema Patriki yuko ndani, amelala, amechoka na kazi.

Judica aliogopa kusema aliyoyasikia. Mwishowe akamwambia kaka yake kwamba mchana, ukungu wa mlima ukishuka mpaka kwenye mahindi, anasikia ndani ya nyumba sauti yake ya zamani. Inamsomea mama sala. Na mama anacheka, kama ambavyo hajacheka tangu baba afariki.

Jioni ile Patriki alikuwa akifunga ndama zizini. Judica alitoka nyumbani, akamwona, akasimama.

"Kaka," alisema polepole. "Uko huku?"

"Niko huku tangu saa kumi."

"Nimekuacha ndani. Umeegemeza kichwa kwenye magoti ya mama."

Patriki akaenda, akaupita mlango wa mbele kwa sababu ulikuwa umefungwa kwa ndani, akazunguka nyuma ambako ukungu ulikuwa umelala juu ya majani ya maharage, na kadiri alivyokaribia dirisha ndivyo harufu ya poda ilivyozidi, na chini yake harufu nyingine, ya udongo mbichi uliofukuliwa, na akasikia sauti aliyokuwa nayo alipokuwa na miaka kumi na sita ikimwambia mama yake taratibu kwamba kuna mwanamume anazunguka nyumba, asimfungulie, na akasikia mama akijibu, "Sitamfungulia, baba. Lala."

Siku iliyofuata walikwenda kwa Yonas, katekista mzee aliyekuwa akiwaombea wagonjwa pale kigangoni. Walipomwamkia aliitikia, lakini hakuwatazama. Alimsikiliza Patriki mpaka mwisho.

"Mimi ndiye niliyekuzika," alisema.

Akawakumbusha ile filamu ya mwisho ya Dani, ambamo mkuu wa filamu alitaka Dani azikwe nyumbani kwao, mlima ukionekana nyuma. Walichimba kaburi kweli, mwisho wa shamba. Yonas aliambiwa asome maneno yoyote, lakini yeye hakujua sala za uongo, akasoma za mazishi. Majirani wa mbali, wafugaji, walisikia kilio wakadhani ni msiba. Wakaja na maziwa ya rambirambi, wakalia machozi yao wenyewe. Patriki alilala kwenye jeneza mpaka picha ikatosha. Kisha akatoka, akavua shati lake jeupe, wakaliweka jenezani juu ya gunia la mchanga, wakapiga misumari. Na mama yake, akiwa amesimama pale penye kamera, akatupa udongo kwa mkono wake na kuita, "Patriki, mwanangu, lala salama." Aliambiwa aseme Dani. Akasahau.

Mvua ikaanza, watu wa filamu wakaondoka. Hakuna aliyefukua. Hakuna aliyetangua zile sala.

"Tuliita mfu asiyekuwepo," Yonas alisema, "na kitu kikaitika. Mimi nitaomba. Lakini aliyemlaza ni mama. Yeye ndiye atakayesema."

Walifukua saa za asubuhi, jua likiwaka. Ndani ya jeneza gunia lilikuwa limeoza, mchanga umemwagika. Shati lilikuwa jeupe. Lilikuwa limefungwa vifungo vyote, na kwenye kola palikuwa na jasho bichi.

Judica alimleta mama kwa mkono, akamweleza yote. Mama Gaudensia alipiga magoti penye ukingo. Yonas alisali, kisha akamwambia amwite mwanawe.

"Patriki," mama aliita.

Sauti mbili zikaitika. Moja ilikuwa karibu, imekwaruzwa, nzito. Nyingine ilitoka chini, nyembamba, safi, na ilikuwa inalia.

Machozi yalimdondoka mama kwenye mikono.

"Wewe wa chini," alisema, "sikukuzaa. Nilikuita kwa ajili ya picha. Nisamehe, uende kwa Mungu wako." Kisha akapapasa hewani mpaka akaushika uso wa mwanamume aliyekuwa kando yake, lile taya pana, zile ndevu. "Mwanangu ni huyu aliyezeeka."

Shati lililegea, kama limeachwa na mwili. Walilichoma hapo hapo.

Tangu siku ile mama alimjua. Aliishi naye vizuri, akifurahia hata kikohozi chake, mpaka mvua za mwaka uliofuata, Bwana alipomchukua.

Gendabi nzima ilikuja kumzika. Ilipofika zamu ya Patriki hakuweza kulia, yeye aliyewahi kulia kwa kuambiwa. Alitupa udongo wake, akabaki amesimama. Ndipo kilio cha kijana kikaanza nyuma yake, chembamba, safi. Watu wakageuka kutazama ni mtoto wa nani, wasimwone. Judica akasikia harufu ya poda, akamtazama kaka yake.

Patriki hakugeuka. Alisogea pembeni kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi la kanisa. Na juu ya jeneza, kando ya udongo wake, ukaanguka mwingine.