Mlinzi wa Ngome ya Chumvi

Dorika alikufa kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Rungu lilimjia kutoka kushoto, vazihisi likambana kifua kama nguo inayokamuliwa, miguu ikalegea, na sauti tulivu ikamwambia sikioni, "Umeanguka, nahodha." Akaivua kofia-ono kwa hasira. Alikuwa bado amesimama palepale alipoanzia, katikati ya ukumbi wa michezo wa Nkuhungu, Dodoma, jasho likimtiririka na vumbi la nje likipenya madirishani.

"Huu ni upuuzi mtupu!" alifoka. "Nimekinga! Si mmeona nimekinga?"

"Tumeona," alisema Kapaya, mpiga upinde wa kikosi, ambaye alikufa muda mfupi kabla yake na sasa alikuwa amekaa sakafuni akijipepea. "Umekinga vizuri sana. Halafu ukafa vizuri sana. Nyie Wagogo kila kitu mnakifanya kwa adabu."

"Nyamaza, mpagazi wewe."

Kapaya ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wagogo wametaniana tangu enzi za misafara, kwa hiyo maneno hayo hayakumuumiza mtu. Lakini siku hiyo hata utani haukuwa na ladha. Kikosi kizima kilikuwa kimechafukwa na roho.

Kwa asiyejua, na siku hizi asiyejua labda ni mtoto aliyezaliwa juzi, Himaya ya Chumvi ni gemu linalochezwa kwa mwili mzima. Unavaa vazihisi, suti ya nyuzi laini zinazosoma kila msuli wako, na unachokifanya ukumbini ndicho anachokifanya mpiganaji wako ndani ya himaya. Miaka yote kikosi cha Dorika kilitumia mbinu moja waliyoiita ukuta: mwenye ngao mbele, upinde nyuma, mapacha wawili wa Kondoa pembeni na mikuki yao, mnamngoja adui ajichokeshe kwenye ngao, kisha mnammaliza. Mbinu hiyo aliibuni Malogo, kaka yake Dorika, na iliwafikisha mbali. Kisha wenye gemu wakaleta Marekebisho Makuu, na asubuhi moja tu kila kitu kikapinduka. Sasa kila pigo unalokinga linakula pumzi yako, na si pumzi ya kuchorwa kwenye kioo, ni pumzi yako halisi inayopimwa na vazi kifuani. Ukisimama kungoja, umekwisha. Mafundi wa ukuta nchi nzima walikuwa wanakufa kama kuku walioshikwa na mdondo.

Walinzi nao walibadilishwa. Zamani mlinzi wa ngome alikuwa jitu zembe linalorudia mapigo yaleyale. Sasa alikuwa kivuli, yaani mpiganaji aliyefumwa na mashine kutokana na kumbukumbu za mavazi ya wachezaji wa zamani. Juu yake kuna mashine nyingine inayoitwa Mrekebishaji. Kila kivuli kikishindwa, Mrekebishaji hutafuta kosa lililokiponza na kulifuta. Ngome ya Chumvi ina malango matatu, mlinzi ni yuleyule mmoja, na kikosi kitakachoyavuka yote kabla ya Jumapili ndicho kitakachoiwakilisha Dodoma katika mashindano ya taifa. Dorika aliitaka nafasi hiyo hadi usingizi ulimpaa. Malogo alifariki mwaka uliopita kwa maradhi ya figo, akiizungumzia nafasi hiyo hadi kitandani, na Dorika alimwahidi kwamba wataipata.

"Tunarudi," Dorika alisema. "Ukuta sasa basi. Tunapokezana ngao. Ukipokea pigo moja unatoka, mwenzako anaingia. Hakuna kusimama!"

Walipokezana kama wanawake wanaotwanga kwenye kinu kimoja, na safari hii walidumu. Mlinzi alipiga, mmoja akapokea na kuruka pembeni, mwingine akaingia na pumzi mpya. Dorika alianza kuona mwanga. Ndipo Kapaya aliposhusha upinde katikati ya pambano, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

"Dorika. Tazama bega la kushoto."

"Piga, bwana!"

"Tazama kwanza. Kila akimaliza kupiga, analishusha."

Dorika akatazama, na rungu likamkuta akiwa anatazama. Alipovua kofia hakufoka. Malogo aliwahi kuanguka na pikipiki akiwa kijana, na tangu hapo bega lake la kushoto halikukaa sawa. Mwenyewe alikubali masharti ya gemu bila kuyasoma, kama sisi sote, na kumbe masharti yalisema kumbukumbu za vazi lake ni mali ya wenye gemu, na kwazo wamemfuma mlinzi huyu.

"Usinitanie kwa hilo, Kapaya."

"Sikutanii," alisema mtani wake.

Jioni hiyohiyo alimweleza mama yake. Alitegemea kilio. Kesho yake Mama Malogo alikuja ukumbini na mkoba wake na chupa ya chai, akapewa kiti mbele ya kioo kikubwa kinachoonyesha pambano. Vijana wakamwamkia, akawaitikia bila kuwatazama. Lango likafunguka. Mlinzi akatoka, akapandisha suruali, akaipandisha tena, akajikuna kisogo, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta chakula hakijaiva, ndipo akachukua rungu. Mama alicheka kwa sauti hadi machozi yakamtoka.

"Umeshindaje, baba?" alikiambia kioo.

Basi Dorika akawa kati ya mambo mawili, na hakuna lililomwacha atulie. Kila siku mama alikuja kumtazama mlinzi, na kila siku Dorika alikuja kumshinda. Ukumbini alitembea huku na huku kama aliyekalia siafu. Alijiambia kwamba kivuli si mtu, ni hesabu tu za mashine. Kisha mlinzi alijikuna kisogo, na hesabu zote zikamtoka kichwani.

Lakini kupigana alijua. Lango la kwanza walilivuka kwa lile bega: mapacha walimchokoza kulia, akapiga, bega likashuka, mshale wa Kapaya ukapita palepale. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Kesho yake, kwenye lango la pili, mlinzi alipiga na bega likabaki juu, limenyooka kama la askari.

"Bega limepona," alisema Mama Malogo taratibu, na akaendelea kunywa chai yake.

Lango la pili liliwatoa jasho. Mlinzi hakuwa na upenyo. Mapacha wakaanza kunung'unika kwamba bora warudi kwenye malango madogo, na Dorika akawafokea mpaka akakosa sauti. Halafu akakumbuka kitu. Malogo hakuwahi kumpiga mtu aliyeanguka, hata kwenye gemu. Wenzake walimcheka na kumwita padri, naye aliwajibu kwamba ukimpiga mtu aliyelala hujashinda chochote, umepiga godoro tu.

"Kapaya, utajiangusha," Dorika alisema. "Atarudi nyuma akungoje uinuke. Akirudi nyuma, mpige kutoka chini."

Kapaya alimtazama kidogo. "Mtani, hiyo ni mbaya."

"Nani nahodha?"

Kapaya alijiangusha. Mlinzi akasita, akarudi hatua moja nyuma, akashusha rungu ili mwenzake ainuke. Mshale ulimwingia chini ya kidevu. Lango la pili likafunguka, vijana wakambeba Dorika juujuu, na alipotupa macho kwenye kiti cha mama yake, mama alikuwa anafunga chupa ya chai.

Kwenye lango la tatu mmoja wa mapacha aliteleza kweli, si kwa hila. Mlinzi hakusita. Alimpiga akiwa chini, akampiga tena, akaendelea kumpiga hata baada ya vazi la yule kijana kuzimika.

"Malogo!" Mama alisimama. "Malogo, acha!"

Kikosi kizima kilikufa siku hiyo. Mama akawageukia. "Tabia hii kamfundisha nani?"

Mapacha waliangalia viatu vyao. Dorika alijifanya anahangaika na kishikizo cha kofia.

Ijumaa, Dorika na Kapaya walikaa nje ya ukumbi, karibu na mama muuza zabibu, wakila zabibu bila hamu. Dorika ndiye aliyeanza.

"Kimebaki kitu kimoja. Akitoka langoni anapandisha suruali na kujikuna. Mikono yote miwili iko mbali na rungu. Hakuna aliyewahi kumpiga pale kwa sababu sote huwa tunamwangalia tu. Pale ndipo pa kumpiga."

Kapaya alitema mbegu. "Pale si Malogo, Dorika."

"Unamaanisha nini?"

"Pale ni mimi." Hakutabasamu. "Unakumbuka msibani? Siku ya pili, watu wamelia mpaka wamechoka, nikavaa nguo za marehemu kama mtani anavyotakiwa, nikamwigiza. Nilivaa vazihisi lake, kwa kuwa ndilo alilokuwa akishinda nalo kutwa. Nikapandisha suruali, nikajikuna, nikatikisa kichwa, na mama yako akacheka kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Vazi halikuwa limezimwa. Nani angefikiria kulizima? Kila kitu kilikwenda kwenye mashine. Malogo mwenyewe alipandisha suruali mara moja moja tu, kama watu wengine. Mimi ndiye niliyeikuza ili watu wacheke."

Dorika alibaki ameshika zabibu moja mkononi. Alikumbuka. Alikumbuka hata jinsi alivyocheka mwenyewe, akiwa amekaa kwenye mkeka pamoja na shangazi zake.

"Kwa hiyo kaka yangu..."

"Bega lilikuwa lake. Na kuacha mtu ainuke, hiyo ilikuwa yake kabisa."

"Tumeshayafuta yote mawili."

"Ndiyo."

Dorika alitaka kulia, hasira ikafika kwanza. "Basi hakuna cha kuhurumia tena! Kesho tunapiga palepale."

"Na mama? Hicho ndicho kinachomleta kila siku. Anakicheka."

"Mama hajui."

"Mwachie basi, Dorika. Mashindano yatakuja mengine."

"Malogo aliitaka nafasi hii."

"Malogo yupi?" Kapaya aliuliza, kisha akanyanyuka na kuingia ndani, maana hata yeye aliona amevuka mpaka.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Watu walikaa hadi madirishani. Dorika hakuwa ameamua. Naapa hakuwa ameamua. Usiku kucha alijigeuza kitandani, na hata alipokuwa akivaa kofia-ono alikuwa anajiambia kwamba atamwacha amalize vituko vyake, wapigane kiungwana, na ikishindikana basi. Lango la tatu likafunguka. Mlinzi akatoka. Akapeleka mikono kwenye suruali, na nyuma yake Dorika akasikia kicheko cha mama yake, kidogo, cha mtu anayejilazimisha.

Mwili haukumngoja. Wiki nzima alikuwa ameifundisha mikono kutafuta upenyo, nayo ilipouona iliufuata. Mkuki alioushika siku hiyo badala ya ngao ulikwenda. Mlinzi aliangukia mgongo, mikono ingali kiunoni, na lango la tatu la Ngome ya Chumvi likafunguka wazi mpaka mwisho.

Kelele za shangwe zilisikika hadi barabara kuu. Mapacha walikumbatiana wakilia. Kapaya peke yake hakushangilia. Dorika alivua kofia na kupenya katikati ya watu hadi kwenye kiti cha mama yake, na njiani kote alikuwa akitafuta uongo wa kumwambia.

"Hongera, mwanangu," alisema Mama Malogo.

"Mama, ile ya suruali... Mashine itaifuta. Kesho hataifanya tena."

"Iifute tu. Ile najua ni ya Kapaya." Mama alimtazama yule Mnyamwezi aliyekuwa amesimama nyuma ya Dorika. "Mimi nilimzaa Malogo, na siku ya msiba nilikuwepo. Kapaya akitaka kunichekesha aje nyumbani, mlango anaujua."

Kapaya aliinamisha kichwa.

"Sasa kila siku ulikuwa unakuja kwa ajili gani?" Dorika aliuliza, na alipouliza tu akatamani asingeuliza.

"Mwanzo nilikuja kwa lile bega. Halafu nikawa nakuja kungoja amwache mtu ainuke. Nilisema labda siku moja tabia hiyo itamrudia." Mama alichukua mkoba wake, akatikisa vumbi kwenye kanga. "Haya, wanakuita. Nenda ukaingie, lango lako liko wazi."