Zeze Lisilotaka Kadamnasi

Lile zeze lilipolia peke yake mara ya kwanza, Évariste alisingizia panya. Panya wa mtaa wao wa Bertrams wanajulikana, hata sabuni wanakula. Lakini panya gani huyo anayepiga nyuzi saba kwa zamu, halafu chumba kinanukia udi ambao hakuna aliyeufukiza?

Zeze hilo alipewa na mjane wa Kichina, jirani yake. "Marehemu alilirithi," mama yule alimwambia. "Zamani za wafalme wetu, wasomi walilipiga kila siku, faraghani. Mtu alinawa mikono, akafukiza udi, akajipigia mwenyewe au rafiki mmoja tu. Mbele ya watu, hapana. Zeze hili husema yaliyo moyoni mwa mpigaji."

"Sharp, mama, sawa," akajibu Évariste, na wala hakusikia. Kiongozi mzima wa kwaya ya Wakongomani anyimwe sifa na hadithi za bibi? Akalifunga waya wa spika, akalipeleka mjini, kwenye jengo kuukuu wanamosalia watu wa kanisa lake.

Jumapili hiyo walimwombea Juvénal, rafiki yake wa kufa na kuzikana, mwimbaji aliyekaukiwa na sauti tangu augue koo. Évariste alipiga huku machozi yanamtoka, mtu wa huruma kwelikweli. Mara nyuzi zikakaza, harufu ya udi ikajaa mpaka watoto wakakohoa, vidole vikawa vinakwenda vyenyewe asiweze kuviinua, na kwenye kila spika, mbele ya mchungaji na wamama wa kwaya na Juvénal aliyekaa mbele na skafu shingoni, ikatoka sauti ambayo kila mtu aliijua, sauti ya Évariste mwenyewe, ikisema taratibu: "Bwana, asipone. Asipone, ili na mimi nisikike."

Eish! Aibu iliyoje! Alitamani ardhi ipasuke immeze. Na kilichomuumiza zaidi ni kwamba haukuwa uongo. Dua hiyo aliiomba kimoyomoyo kila alipopiga magoti.

Akakimbilia mtaa wa Fordsburg na zeze lake, kwa Mzee Vuai, mganga wa Kizanzibari. "Mzee, litoe jini hili. Juvénal akiniacha, sina mtu."

Vuai alisoma mchana kutwa, jasho likimtiririka. Nyuzi zikakatika moja baada ya nyingine, pah, pah, na harufu ikapotea.

"Limetoka kwenye mti wa zeze," akasema, akijifuta uso. Évariste alishukuru kwa furaha, hata asiulize limekwenda wapi.

Kesho yake Juvénal akaja mwenyewe nyumbani, akaketi karibu naye. Alinong'ona kwa shida, "Kanisani wanasema mengi. Mimi najua lilikuwa jini, ndugu yangu. Sema tu si wewe, tuyamalize."

Évariste akamshika mikono. Alimpenda mtu huyu, Mungu shahidi. Akafungua kinywa aseme.

"Usipone," kinywa kikasema.

Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Maneno yakaendelea kupenya vidoleni, na Juvénal, macho yamemtoka, akayasikiliza yote.